Kijiko Kimoja, Ndoo Gani?

Muuzaji alichota unga mweupe, dawa ya kuzuia chakula kisiharibike, kutoka kwenye kopo kubwa la plastiki, akaumimina juu ya kipande cha gazeti, akakikunja pembe nne vile wanavyokunja zafarani. Hakikuwa na jina wala tarehe. Mama mdogo akamuuliza anavyouliza kila kitu sokoni, kwa sauti ya chini, lakini haondoki mpaka ajibiwe:

"Natia kiasi gani, mwanangu?"

"Kijiko kimoja kwa ndoo, mama."

"Kijiko gani? Na ndoo gani?"

Kijana akatabasamu. "Kijiko cha kawaida tu, mama. Ndoo ya kawaida." Nyuma yetu watu walikuwa wanasubiri, na mmoja keshanyoosha mkono na noti yake. Tukatoka Darajani, soko kuu la mjini Unguja, na kile kikaratasi ndani ya kikapu, kati ya thomu na pilipili.

Tokea siku ile swali la mama mdogo halijanitoka. Jikoni kwake Fuoni kuna ndoo ya lita 10 na ndoo ya lita 20. Kuna kijiko cha chai, kuna kijiko cha kulia wali, na kuna upawa.

Vyote ni vya kawaida.

## Chupa zilizofoka

Achari ya mama mdogo haijawahi kuhitaji unga wowote. Maembe mabichi anayakata vipande pamoja na ganda lake, anayapaka chumvi na bizari, anayaanika juu ya ungo mpaka yanajikunja, kisha ndio siki, pilipili, thomu na mafuta. Chupa moja inaweza kukaa mpaka msimu mwengine wa maembe na hakuna wa kuisemesha. Mbirimbi vivyo hivyo.

Mambo yalibadilika pale duka moja la mjini lilipomtaka chatini ya embe ya chupa. Walitaka laini, ya kumiminika. Isiwe na chumvi nyingi, isiwe kali ya siki, kwa sababu wageni hawaipendi hivyo. Na ikae rafuni miezi mitatu.

Alijaribu. Nilikuwepo chupa ya mwanzo ilipofunguliwa. Mapovu madogo yalikuwa yanapanda ukutani mwa chupa kutoka chini, moja baada ya moja, na kifuniko kilikuwa kimevimba katikati. Alipokizungusha ilitoa sauti ya soda, kisha chatini ikapanda yenyewe na kumwagika mezani. Harufu haikuwa ya kuoza. Ilikuwa harufu ya hamira, ya unga wa maandazi uliokaa usiku kucha.

Hiyo ni hamira kweli. Imo hewani, imo kwenye ganda la embe, imo mikononi mwetu. Ikikuta sukari ya embe, maji, na chumvi kidogo isiyoidhuru, inafanya kazi yake: inakula sukari na kutoa gesi. Chumvi nyingi na jua vilikuwa vinaizuia bila ya sisi kufikiria. Duka lilitaka vitolewe vile viwili, na lilitaka chupa isifoke.

Ndipo jirani akamwambia, iko dawa Darajani.

## Jina lake

Dawa hiyo ni sodiamu benzoeti, chumvi ya asidi ya benzoiki. Kwenye lebo huandikwa E211, au 211 peke yake. Geuza chupa ya tomato sosi, ya soda au ya sharubati ya kuchanganya na maji, mara nyingi utaikuta kwenye maandishi yale madogo ambayo hakuna anayeyasoma.

Haikuzaliwa kiwandani. Asidi yenyewe watu waliipata katika karne ya 16 kwa kuupasha moto utomvu wa kufukiza unaotoka kwenye miti ya Sumatra na nchi za jirani, na kukusanya fuwele zinazoganda kutoka kwenye moshi wake. Mwaka 1832 Justus von Liebig na Friedrich Wöhler walieleza imeundwa na nini. Mdalasini una asidi hiyo kwa asili, na karafuu pia, kwa kiasi kidogo. Siku hizi viwanda vinaitengeneza kwa toluini, inayotokana na mafuta ya petroli, halafu wanaichanganya na kostiki soda, ile ile ya kupikia sabuni, mpaka inakuwa chumvi nyeupe inayoyeyuka kwa urahisi kwenye maji.

Namna inavyofanya kazi ilinishangaza, na ndiyo iliyonifanya nianze kuiona kwa jicho jengine. Chumvi hii peke yake haifanyi kitu. Inahitaji ukali. Ikiingia kwenye kitu kichachu, inarudi kuwa asidi ya benzoiki, na asidi hiyo ndiyo inayopenya ngozi ya hamira na ya ukungu. Ikishaingia ndani inaachia ukali wake hapo, na kile kiumbe kinamaliza nguvu zake zote kujisafisha badala ya kula sukari na kuzaana.

Kwa hivyo kila kitu kinategemea ile pH tuliyoisoma skuli, kipimo cha uchachu: namba ikiwa ndogo, kitu ni kichachu zaidi. Kwenye pH 3.2, kiasi cha sehemu 90 kati ya 100 za benzoeti zinakuwa katika sura ile inayofanya kazi. Kwenye 4.2 ni nusu. Kwenye 6.2 ni sehemu 1 kati ya 100. Ndimu, mbirimbi na siki viko chini kabisa, huko ndiko kwao. Embe bichi nalo limo. Embe lililoiva sana linaanza kupanda, na tui la nazi liko karibu na 6.

Nimemsikia mtu akisema unga huu unafaa kwa kila kitu, hata kwa tui la kuuza na mchuzi wa kubakisha. Haufai. Kwenye tui utaula wewe, na vijidudu vitaendelea na shughuli zao.

Na hata kwenye chatini, unazuia, hausafishi. Maembe yaliyooshwa na maji machafu yanaanza safari na jeshi zima ndani ya chupa. Iko hamira moja, Zygosaccharomyces bailii, ambayo wenye viwanda vya sosi na juisi wanaiogopa hasa kwa sababu inastahimili benzoeti.

## Sauti ya WhatsApp

Nilipoanza kuuliza, nililetewa sauti na watu tofauti, sauti ile ile. Mwanamke anasema kwa uchungu: msiwape watoto E211, ni petroli, inaleta saratani, inawafanya wachachawe, wazungu wameipiga marufuku.

Niliisikiliza mara nyingi, kwa sababu anayezungumza ni mtu anayewapenda watoto wake, na sikutaka kumpuuza. Nimechukua kila neno lake na kulitafuta.

Marufuku haipo. Ulaya na Marekani wanairuhusu, kwa kiwango. Marekani kikomo ni asilimia 0.1 ya chakula, yaani gramu 1 kwa kilo 1.

Petroli ni kweli kwa asili ya kiwandani, lakini asidi ya benzoiki iliyotoka kiwandani na iliyomo kwenye mdalasini ni kitu kimoja, na mwili unazishughulikia kwa njia moja. Ini linaiunganisha na glaisini, kijenzi kimoja cha protini, inakuwa asidi ya hipuriki, inatoka kwa mkojo, nyingi yake ndani ya siku moja. Madaktari wanaitumia sodiamu benzoeti kama dawa kwa watoto wanaozaliwa na maradhi ya kushindwa kuondoa amonia mwilini, na dozi zao ni kubwa mara nyingi kuliko za chakula.

Hapo nilianza kutulia.

Halafu nikafika kwenye saratani, na hapo yule mama hakuwa amekosea moja kwa moja. Benzoeti ikikaa pamoja na vitamini C kwenye kinywaji kichachu, inaweza kutengeneza benzini. Benzini inasababisha saratani, hilo halina ubishi. Joto na mwanga vinaharakisha. Jambo hili liligunduliwa kwenye soda Marekani mwaka 1990, likanyamaziwa, likaibuka tena mwaka 2005, na makampuni yakabadilisha mapishi. Viwango vilivyopatikana kwenye vinywaji vingi vilikuwa vidogo sana, chini ya mikrogramu 5 kwa lita, ambayo ndiyo kikomo cha Marekani kwa maji ya kunywa. Shirika la Afya Duniani linaweka 10. Lakini vichache vilipita.

Nikafikiria meza za barabarani wakati wa kaskazi. Chupa za juisi ya ndimu, ya chungwa, ya bungo, zimepangwa kwenye jua la saa saba mchana ili rangi yake ionekane na wapita njia. Vitamini C imo. Joto limo. Mwanga umo. Ikiwa aliyeitengeneza ametia na unga wa kikaratasi, basi kila kinachohitajika kimekutana ndani ya chupa ile.

Kuhusu watoto kuchachawa, iko pia habari ya kweli. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kuwapa watoto wa miaka 3 na wa miaka 8 na 9 vinywaji vyenye mchanganyiko wa rangi za chakula pamoja na sodiamu benzoeti. Baadhi yao walionekana kuongezeka utundu na kukosa utulivu. Kwa vile vyote vilichanganywa pamoja, hakuna anayeweza kusema ni benzoeti au ni rangi. Kuanzia mwaka 2010 Ulaya ikataka onyo liandikwe kwa rangi sita zilizotumika kwenye utafiti ule. Benzoeti haikuwekewa onyo hilo.

Basi yule mama nimjibu nini? Bado sina sentensi moja ya kumpa. Woga wake una mahali pa kusimama, lakini si pale aliposimama.

## Nyanya za Marekani

Ugomvi huu una zaidi ya miaka 100, na kuusoma kulinisaidia kuliko vipimo vyote.

Mwaka 1902 huko Washington, Harvey Wiley, mkemia mkuu wa wizara ya kilimo ya Marekani, aliwakusanya vijana wa kiume waliojitolea, akawalisha chakula kizuri chenye dawa za kuhifadhia, moja baada ya nyengine, na kupima mikojo yao na uzito wao. Alianza na boraksi. Benzoeti ilifuata baadaye. Waandishi wa magazeti wakawapa jina la kikosi cha sumu. Wiley alitoka na msimamo kwamba benzoeti ni mbaya na itolewe katika chakula.

Sheria ya chakula safi ilipitishwa mwaka 1906. Wenye viwanda wakalalamika, na Rais Theodore Roosevelt akaunda bodi ya wanasayansi chini ya Ira Remsen wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Mwaka 1909 bodi ikasema benzoeti kwa kiasi kidogo haidhuru afya. Wiley alishindwa, na mwaka 1912 akaacha kazi.

Kwa kemia peke yake, bodi ya Remsen ilikuwa karibu zaidi na yale tunayoyajua leo. Lakini Wiley alikuwa anaona kitu ambacho vipimo vya mikojo havikionyeshi. Ketchapu nyingi za wakati ule zilitengenezwa kwa maganda na vikonyo vya nyanya vilivyobaki kwenye viwanda vya makopo, vimekaa, vimeanza kuchacha, kisha vinatiwa rangi na benzoeti. Dawa haikuwa inahifadhi nyanya nzuri. Ilikuwa inaficha nyanya mbovu.

H. J. Heinz wa Pittsburgh alikuwa upande wa Wiley, na aliuthibitisha msimamo huo jikoni. Alitumia nyanya zilizoiva vizuri, akaongeza siki na sukari, akasimamia usafi, na ketchapu yake ikakaa bila ya benzoeti. Ketchapu nzito, tamu na chachu tunayoijua leo ilitokana na ugomvi huo.

Niliposoma hapo nilimpigia simu mama mdogo usiku. Nikamwambia yuko Mmarekani aliyefanya kama achari yako. Akaniuliza siki alitia kiasi gani. Sikuwa na jibu, lakini nilifurahi kwamba ndilo swali lake la kwanza.

## Chumvi ile nyengine

Ningependa kuishia hapo: rudi kwenye njia ya wazee, ongeza chumvi na siki, achana na unga. Makala nyingi za chakula cha asili zinaishia hapo.

Lakini mama mdogo ana presha. Dada yake pia, na nusu ya kina mama wanaokuja kununua achari pale Fuoni wanameza vidonge asubuhi. Daktari amemwambia apunguze chumvi, na Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko cha chai kwa vyakula vyote alivyokula tangu asubuhi. Achari inayokaa kwa nguvu ya chumvi inakula sehemu kubwa ya gramu hizo kwa vipande vichache. Hakuna anayetuma sauti ya WhatsApp kuhusu chumvi ya mezani, na ndiyo inayotuangusha.

Gramu 1 ya benzoeti iliyopimwa vizuri kwenye kilo ya chatini inaweza kumruhusu mtu apunguze chumvi sana bila ya chupa kufoka. Kwa mgonjwa wa presha, chupa yenye E211 na chumvi kidogo inaweza kuwa na heri kuliko chupa ya asili iliyojaa chumvi.

Hili lilinisumbua kwa siku nyingi, kwa sababu nilikuwa nataka unga ule uwe adui. Ingekuwa rahisi kuandika.

## Mzani wa sonara

Sonara mmoja tunayefahamiana naye alituazima mzani wake mdogo wa kielektroniki kwa jioni moja. Tukaweka kikaratasi juu ya meza, mama mdogo akaleta vijiko vyake.

Kijiko cha chai kilichokatwa sawa kwa kisu: gramu 3 hivi. Kijiko hicho hicho kikijaa mpaka juu: gramu 6 na kidogo. Kijiko cha kulia wali, kikijaa: gramu 17.

Sasa chukua maneno ya muuzaji. Anayetia kijiko cha chai kilichokatwa kwenye ndoo ya lita 20 ametia kiasi cha gramu 0.15 kwa kila kilo. Kidogo mno kwa chatini iliyopunguzwa chumvi. Itafoka, na mara ya pili ataongeza kwa hasira. Anayetia kijiko cha wali kilichojaa kwenye ndoo ya lita 10 ametia gramu 1.7 kwa kilo, amepita kikomo cha Marekani kwa zaidi ya nusu. Wote wawili wamefuata maelekezo yale yale, na mmoja ametia zaidi ya mara 10 ya mwenzake.

Mama mdogo alikaa kimya akitazama zile namba za kijani. Kisha akasema, "Basi yule hakuniambia kitu."

Kweli, hakumwambia kitu.

Na lipo kubwa kuliko kipimo. Kikaratasi hakina jina. Sodiamu benzoeti hutiwa pia kwenye maji ya rejeta ya gari kuzuia kutu, na iliyotengenezwa kwa ajili hiyo haikusafishwa kwa ajili ya tumbo la mtu. Unga wa asidi ya sitriki ni mweupe. Sodiamu metabaisalfaiti ni nyeupe. Sodiamu naitraiti, inayotumika kwenye soseji, ni nyeupe au ya manjano kwa mbali sana, na gramu chache tu zinaua. New York mwaka 1944 wanaume 11 waligeuka rangi ya buluu baada ya kula uji wa oti kwenye mkahawa mmoja. Naitraiti ilikuwa imeingia mahali pa chumvi jikoni. Mmoja wao alifariki.

Simtuhumu kijana wa Darajani. Pengine unga wake ni safi kabisa. Ninachosema ni kwamba yeye mwenyewe akimwagikiwa na makopo mawili, hana njia ya kujua lipi ni lipi, na sisi tulioko upande wa pili wa meza hatuna kabisa.

Kile kikaratasi mama mdogo hakukitumia. Tulitafuta mfuko uliofungwa kiwandani, wenye jina la kitu, neno la kuonyesha ni ya chakula, namba ya toleo na tarehe. Ni ghali zaidi, na kwa kiasi anachotumia utamfikisha mbali.

## Achari si juisi

Hesabu iliyonitoa usingizini ilikuja baadaye, nilipoacha kufikiria ndoo na kufikiria mdomo wa mtoto.

Wataalamu wanapima kwa uzito wa mtu, na wanapima kiasi ambacho mtu anaweza kula kila siku maisha yake yote bila ya madhara. Mamlaka ya chakula ya Ulaya mwaka 2016 ilibakia kwenye miligramu 5 kwa kila kilo ya mwili. Kamati ya pamoja ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 ilipandisha mpaka 20. Kwa mtoto wa kilo 15, hiyo ni miligramu 75 kwa hesabu ya Ulaya, au 300 kwa hesabu ya kamati.

Achari iliyotiwa gramu 1 kwa kilo: mtoto anakula kijiko kimoja na wali, gramu 15. Amepata miligramu 15. Haina neno.

Juisi iliyotiwa gramu 1 kwa lita: mtoto anakunywa gilasi moja, mililita 300. Amepata miligramu 300. Amefika ukingoni mwa ile hesabu ya juu, na ameizidi ya Ulaya mara 4. Kwa gilasi moja. Na mtoto gani wa hapa kwetu anakunywa gilasi moja ya juisi wakati wa joto? Ikiwa aliyeitengeneza ni yule wa kijiko cha wali, ni miligramu 510.

Gilasi moja haitamwangusha mtoto, viwango hivi si vya siku moja. Lakini Ulaya soda hairuhusiwi kupita miligramu 150 kwa lita, ambayo kwa gilasi ile ni 45, na sababu ni hii hii: watu hawanywi soda kwa kijiko. Mtu anayechukua kipimo cha achari akakipeleka kwenye juisi anafanya kitu tofauti kabisa, hata kama unga ni ule ule na ndoo ni ile ile.

Juisi yetu haihitaji unga huu. Bungo linakamuliwa asubuhi, linatiwa barafu, linamalizika kabla ya magharibi. Anayetaka iende mbali zaidi, akaichemshe kidogo na kuigandisha. Ukwaju ni hivyo hivyo. Sioni kwa nini kitu kinachokaa saa chache kitiwe dawa ya miezi.

Mdogo wangu, anayeuza juisi ya bungo karibu na stendi ya daladala, hakubaliani nami. Anasema umeme ukikatika mchana mzima, barafu inayeyuka na hasara ni yake, si yangu mimi mwenye blogu. Hana dawa yoyote sasa hivi, lakini anasema akipata anayemuuzia kwa kipimo kizuri atatia. Tumelijadili mara nyingi kuliko ninavyopenda. Hasara yake ni ya kweli. Nimemwomba angalau chupa azitoe juani, na hilo amelikubali.

## Ilivyo sasa

Achari ya vipande haina unga, na haitakuwa nao. Kwa wenye presha mama mdogo anatengeneza chupa ndogo ndogo za siki nyingi na chumvi kidogo, zinakaa kwenye friji, na anawaambia wazi kwamba hazikai.

Chatini ya duka inatiwa gramu 1 kwa kilo, haizidi. Tumenunua mzani wetu. Unga unapimwa kwanza, unayeyushwa kwenye maji vuguvugu kidogo, ndipo unamiminwa na kukorogwa muda mrefu, kwa sababu ukitupwa mkavu kwenye kitu kichachu unaganda punje punje, na chupa moja inapata nyingi kuliko nyengine. Kila ndoo inachovywa karatasi ya kupimia pH kabla ya kitu chochote. Ikipita 4 inaongezwa siki, duka lipende lisipende. Maembe yaliyobonyea hayaingii, hata yakiwa mengi, na hilo ndilo jambo ambalo mama mdogo analisimamia kwa ukali zaidi kuliko mimi.

Kilichobaki ni lebo. Makaratasi ya Wakala wa Chakula na Dawa na ya Taasisi ya Viwango tumeanza kuyajaza, na rasimu ya lebo iko mezani: embe, siki, sukari, chumvi, pilipili, thomu, bizari, kihifadhi sodiamu benzoeti E211. Mwenye duka ameisoma, akaomba neno la mwisho liondolewe, kwa sababu watu wameshaisikia ile sauti na hawatanunua. Mama mdogo amemjibu kwamba mteja mwenye mtoto anayo haki ya kuchagua, na asiyetaka dawa ataipata achari ya vipande kwenye rafu hiyo hiyo. Mwenye duka amesema atafikiria. Chupa za mwanzo ziko tayari, zimefungwa, hazina lebo, na hazitoki Fuoni mpaka atoe jibu.